Mume wangu kapiga hesabu, kasema nafanyia kazi 85,000

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Chanika, Dar es Salaam. Naomba jina langu lisitoke, maana mawifi zangu wanaisoma sana safu hii.

Nimeajiriwa mjini, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Nakaa mapokezi na nashika pia malipo madogo madogo ya ofisi. Nina miaka tisa pale. Mshahara wangu ni 560,000, wakishakata NSSF na kodi naondoka na 485,000 na chenji. Mume wangu ni fundi wa milango na madirisha ya aluminiamu. Ni fundi anayesifiwa, hanywi, hana makuu. Ila kazi yake ni ya kutegemea wateja. Kuna mwezi analeta milioni na nusu, na kuna miezi miwili mfululizo anashinda kijiweni akicheza drafti kwa sababu hakuna anayejenga.

Miaka minne iliyopita tulihama Tabata tulikokuwa tumepanga. Kila nusu mwaka tulikuwa tunahangaika kutafuta kodi ya miezi sita kwa mkupuo, tukachoka. Tulikuwa na kiwanja chetu Chanika, tukapandisha vyumba viwili na sebule, tukaezeka, tukahamia hivyo hivyo bila plasta wala dari. Kodi kweli hatulipi tena. Lakini mimi naamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja niko njiani kuelekea stendi, na jioni nafika nyumbani saa mbili. Foleni ikikaza ni saa tatu.

Shangazi, kubana matumizi nimefundishwa na mama yangu kule Singida na sioni aibu kusema najua. Dumu la mafuta ya kula tunanunua majirani watatu tunagawana. Mchele naagiza gunia kwa ndugu yetu Mbeya. Jumamosi tukifunga ofisi mchana napitia Ilala na Buguruni, nanunua nyanya na vitunguu kwa sado, dagaa wa kutosha wiki mbili. Jumapili nachemsha maharage ya wiki nzima nagandisha kwa mafungu ili gesi isiishe haraka. Sabuni ya maji nakoroga mwenyewe. Stoo ina kufuli na ufunguo ninao mimi, mafuta ya siku nampimia dada wa kazi kwenye kikombe. Mawifi wananiita mchoyo. Wanasahau kwamba huo uchoyo ndio ulioezeka nyumba ya kaka yao.

Sasa mwezi uliopita dada aliaga kwamba anakwenda msibani Handeni, hadi leo hajarudi na simu hapokei. Si wa kwanza kuondoka hivyo. Binti wa mama mdogo amenishikia nyumba, lakini mwisho wa mwezi anarudi chuoni. Wiki hiyo hiyo mwalimu wa mkubwa wetu, ana miaka minane, alinipigia simu kwamba mtoto analala darasani na kazi za nyumbani haandiki. Gari ya shule inampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mdogo ana miaka mitatu.

Usiku mmoja mume wangu akachukua karatasi. Akaandika nauli yangu na bodaboda ya jioni 110,000. Mshahara wa dada 100,000, chakula chake na sabuni 60,000. Gari ya shule 60,000. Chakula changu cha mchana 30,000. Nguo, viatu na michango ya ofisini 40,000. Jumla 400,000. Akasema kwa upole kabisa, wala hakuwa na hasira: "Mke wangu, unatoka humu usiku unarudi usiku kwa 85,000. Kaa nyumbani ulee watoto. Nitakujengea banda tufuge kuku wa nyama mia mbili, rafiki yangu wa Pugu anafuga na anaishi vizuri."

Nilishindwa kumjibu. Kusema ukweli kuna sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Lakini nakumbuka mwaka jana alipokaa muda mrefu bila kazi, tulikula mshahara wangu. Nakumbuka pia kwamba kila mwezi namtumia mama 40,000 na simwombi mtu ruhusa. Nikikaa nyumbani hata hela ya pedi itabidi niombe.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Kwenye kikoba cha wanawake wa kazini nina akiba ya 1,900,000. Mume wangu hajui. Nilianza kidogo kidogo tulipohamia huku. Nikimwambia leo ataniuliza kwa nini tumelala miaka minne bila dari wakati nina pesa.

Nifanye nini, Shangazi? Niache kazi au niendelee? Na hiyo akiba niiseme?

Mama wa Wawili, Chanika

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari za kila siku, na pole kwa simu ya mwalimu. Simu ya namna hiyo ikiingia uko ofisini, mbali na mtoto, inauma kuliko ungekuwa karibu.

Nimeisoma barua yako nikaona umeuliza mambo mawili, kazi na akiba. Katikati yake kuna la tatu ambalo hukuliuliza, nalo ni uchovu wako. Tutafika huko. Kwanza niazime ile karatasi ya baba watoto, kwa sababu imeandikwa kwa nia njema na bado ina kasoro ambazo mtu mwenye usingizi hawezi kuziona.

Gari ya shule ameiweka kwenye gharama za wewe kufanya kazi. Ukiacha kazi kesho, shule itasogea karibu? Mtoto ataendelea kupanda gari ile ile na 60,000 itaendelea kutoka. Kwa hiyo kinachookolewa si 400,000, ni 340,000. Ukitoa hiyo kwenye 485,000, nyumba inapoteza 145,000 kila mwezi. Hapo nimewaachia hata ya chakula cha mchana, ingawa sidhani kama ukiwa nyumbani utakuwa unafunga.

Kuna pesa nyingine ambayo haikuandikwa kabisa kwa kuwa hamuioni. Kwa mshahara wa 560,000, mchango wako NSSF ukiwa asilimia 10 ni 56,000, na mwajiri naye anaweka 56,000. Hiyo ni 112,000 inayoingia kwa jina lako kila mwezi bila wewe kukoroga sabuni. Jumlisha na ile 145,000, unapata 257,000. Hicho ndicho kipimo cha kile mnachotaka kukiacha, si 85,000. Na pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180. Kwa miaka tisa una kama 108, bado 72. Sisemi mtu ateseke miaka sita kwa ajili ya pensheni, ila mnapoamua, namba hiyo nayo iwe mezani.

Halafu kuna swali ambalo naomba mlijadili bila kugombana. Kwa nini dada wa kazi anakatwa kwenye mshahara wako peke yako? Watoto ni wenu wote. Baba naye anatoka asubuhi kwenda kwenye madirisha yake, na kinachomwezesha kutoka ni yule yule dada. Mngegawana nusu kwa nusu dada na gari ya shule, upande wako ingebaki 195,000 badala ya 85,000, na labda usingelia usiku ule. Hujaandika kwamba ulilia. Nimekisia.

Hapo nimetetea kazi yako, sasa nigeuke, kwa sababu karatasi yangu nayo ina kasoro. Haikuhesabu saa.

Unatoka saa kumi na moja alfajiri, unarudi saa mbili usiku. Hizo ni saa kumi na tano. Jumamosi uko Ilala na Buguruni na sado mkononi. Jumapili uko jikoni na maharage. Mwanangu, umeniandikia ukurasa mzima wa jinsi unavyookoa pesa, na kila ulichookoa umekilipia kwa saa, na saa zote zimetoka kwako. Hata kuhamia Chanika ni hivyo hivyo: kodi mliyoacha kulipa Tabata unailipa wewe barabarani kila siku. Sikulaumu, wengi wetu tumejenga mbali na mji kwa hesabu hiyo hiyo. Ninachouliza ni kama bado inafaa sasa, watoto wakiwa na miaka minane na mitatu.

Ningependa ukae na orodha yako ya kubana matumizi uipitie kama unavyopitia risiti za ofisi. Gunia la mchele lina faida kubwa na linakuchukua simu moja tu, libaki. Dumu la mafuta libaki. Sabuni ya maji je? Inaokoa shilingi ngapi kwa mwezi na inakula muda gani? Na ule mzunguko wa Jumamosi, ukitoa mzigo na bodaboda, unashinda genge la mtaani kwa kiasi gani? Pengine utakuta vitu viwili au vitatu vinabeba karibu faida yote, na vilivyobaki vinakupa sifa tu na kukunyima Jumapili.

Na hizo kazi, lazima ziwe zako? Umesema kuna miezi mume wako anashinda kijiweni. Barua yako haisemi siku hizo nyumbani anafanya nini. Inawezekana anafanya mengi na hukuandika. Inawezekana pia hajawahi kuombwa, kwa sababu wewe ndiye mwenye ufunguo wa stoo na unajua kila kitu kilipo. Mwanamke hodari anaweza kuwafundisha watu wa nyumba yake kukaa tu, bila kukusudia. Mwanaume ambaye hana kazi leo anaweza kukagua daftari la mtoto wa darasa la tatu na kwenda Buguruni. Nyanya hazimwulizi mtu jinsia.

Tuje kwenye kuku. Sina ugomvi na kuku, wamesomesha watoto wengi nchi hii. Lakini rafiki wa Pugu amesimulia mauzo, nawe ungemwuliza gharama. Kuku wa nyama anauzwa akiwa na wiki nne hadi sita, na kwa muda huo wote chakula ndicho kinachokula mtaji. Vifaranga mia mbili wanataka joto usiku kucha siku za mwanzo. Wanataka chanjo za gumboro na kideri kwa tarehe, bila kuruka. Ukiwafikisha sokoni siku wafugaji wote wamefikisha, bei inashuka na huwezi kuwarudisha bandani wasubiri, kila siku inayoongezeka wanakula. Nani ataamka usiku kuangalia jiko la mkaa bandani? Naogopa jibu tunalijua. Utakuwa umeacha kazi yenye mshahara na likizo ya siku 28, umeingia kwenye kazi isiyo na likizo, na simu ya mwalimu itakukuta una pumba mikononi.

Kama banda ni wazo zuri, na huenda ni zuri, kuna nini kinachozuia lijengwe sasa, wewe ukiwa bado kazini, aanze yeye na vifaranga hamsini? Akivusha awamu mbili tatu mtakuwa na hesabu ya kwenu wenyewe. Angalia pia atakavyolipokea pendekezo hilo. Akilipenda, mna mradi. Akisema kuku ni kazi ya mama wa nyumbani, basi mazungumzo yenu hayahusu kuku.

Kuhusu dada wa kazi nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Umesema aliyeondoka si wa kwanza. Binti anayelipwa 100,000, anayebaki na mtoto wa miaka mitatu kwa saa kumi na tano, anayepimiwa mafuta kwenye kikombe, akipata nauli ya kwenda msibani, kwa nini arudi? Sheria ya kazi inampa naye angalau saa 24 za mapumziko kila wiki. Ukimwongezea 30,000 na kumpa Jumapili yake yote, gharama inapanda, sikatai. Lakini linganisha na kuanza upya na mgeni kila baada ya miezi kadhaa, mtoto akizoea sura mpya kila mara. Ufunguo wa stoo utaamua mwenyewe.

Kuna njia ambayo hamkuitaja, pengine kwa sababu inagusa heshima. Elimumsingi kwenye shule za serikali haina ada tangu 2016. Mkubwa akihamia shule ya serikali ya karibu, ada inaondoka, ile 60,000 ya gari inaondoka, na mtoto anapata zaidi ya saa moja ya usingizi. Mwalimu amesema analala darasani. Mtoto anayepanda gari saa kumi na moja na nusu alfajiri atalala wapi tena? Hatari zake nazo nazijua: madarasa ya pembezoni mwa mji hujaa, michango midogo midogo haikosekani, na atabadilisha lugha ya kufundishiwa kwenda Kiswahili kisha sekondari arudi kwenye Kiingereza. Nendeni wote wawili mkaitazame siku ya kazi, mhesabu vichwa darasani, kabla hamjasema ndiyo au hapana.

Ofisini pia hujauliza, au hukuniambia. Miaka tisa mapokezi si mtu wa kuokotwa barabarani. Omba kuingia mapema na kutoka mapema, hata siku tatu kwa wiki. Foleni ya saa tisa na nusu si ya saa kumi na moja jioni. Wanaweza kukataa, na utabaki pale pale ulipo.

Ukiona moyo bado unakuvuta nyumbani, na moyo kufurahi wazo hilo si dhambi, jaribuni kwanza. Mishahara yako miwili mitatu iende benki isiguswe, ibaki nauli yako tu, mle cha baba. Msichague miezi ya milioni na nusu, iwepo na ile ya drafti. Mtajua mambo ambayo karatasi haiwezi kuwaambia, pamoja na jinsi utakavyojisikia ukiomba hela ya pedi na jinsi atakavyoitoa. Hiyo 40,000 ya mama yako ijadiliwe waziwazi mapema, maana ni rahisi kuipata ndani ya mpango kuliko kuidai baadaye.

Sasa ile 1,900,000. Sitakuambia useme wala usiseme. Nikuulize tu: uliianza kwa ajili ya dharura ya nyumba, au kwa ajili ya siku ambayo huenda ukalazimika kusimama peke yako? Zote ni sababu za mtu mwenye akili. Wanawake wengi wanaweka hivyo na wana sababu zao. Lakini kila moja inasemwa kwa namna yake. Kama ni ya dharura, kuificha kuna hatari: kikoba kina midomo mingi, anaweza kuisikia kwa mwingine, au siku kuku wamekufa akaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, wakati wewe una uwezo wa kumzuia. Kuisema nako kuna hatari, inaweza kugeuka dari au banda wiki hiyo hiyo, na usingizi wako ukaondoka nayo. Ukiamua kusema, isiwe usiku ule ule mnaojadili kazi, na iwe umeshaamua kiasi ambacho hakitaguswa. Na kama ni ile sababu ya pili, niandikie tena, kwa sababu basi kuna jambo kuhusu ndoa yako ambalo barua hii haikulisema.

La mwisho ni dogo na linafanyika hata wiki hii. Chukua kitambulisho chako uende NSSF uombe taarifa ya michango yako, mwezi kwa mwezi. Ujue pia kwamba mafao ya kukosa ajira yamewekwa kwa aliyeachishwa, si kwa aliyeacha mwenyewe, na kile kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka uliotumikia sheria haimlazimishi mwajiri kumpa anayeandika barua ya kujiuzulu. Hata ukiamua kuondoka, notisi yako ni siku 28, kwa hiyo hakuna cha kuandikwa kwa haraka. Wapo waajiri wanaokata michango kwenye mishahara na hawaipeleki NSSF. Ukikuta miezi imerukwa, ifuatilie sasa, jina lako likiwa bado kwenye orodha yao ya mishahara.